99 inakataa, 512 inakubali: jibu kuhusu jumla ya tarakimu

Swali: Ninafundisha hisabati darasa la saba. Mwanafunzi mmoja aligundua kwamba 18 ukiigawa kwa 1 + 8 unapata 2 bila baki, na 27 ukiigawa kwa 2 + 7 unapata 3. Tukajaribu vigawe vyote vya 9 mpaka 90, vyote vikakubali. Je, hiyo ni kanuni? Namba za aina hii zinaweza kufuatana ngapi bila kukatika? Halafu nimeandika programu fupi ya Python ya kuzitafuta, lakini inadai kila namba inafaa, hata 11. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwalimu, mlisimama hatua moja kabla ya jibu. Kigawe cha 9 kinachofuata baada ya 90 ni 99. Jumla ya tarakimu zake ni 18, na 99 ukiigawa kwa 18 unapata 5, baki 9. Si kanuni, basi. Kilichowadanganya ni kwamba kuanzia 9 hadi 90 vigawe vyote vina jumla ileile ya 9, kwa hiyo mlipokuwa mkigawa kwa jumla ya tarakimu mlikuwa mnagawa kwa 9 tu, na hilo lilikuwa limeshahakikishwa tangu mlipoviita vigawe vya 9. Baada ya 99 mambo yanatulia tena: 108, 117, 126 na wenzao mpaka 180 vina jumla ya 9, vinakubali vyote. 189 inakataa. 198 inakubali. Hizi mbili zote zina jumla ya 18, na kinachozitenganisha ni kwamba kigawe cha 9 chenye jumla ya 18 kinakubali pale tu kinapokuwa shufwa.

Namba mnazozichezea, yaani zinazogawanyika bila baki kwa jumla ya tarakimu zake, huitwa namba za Harshad. Aliyezipa jina hilo ni D. R. Kaprekar (1905–1986), mwalimu wa shule wa Devlali, India. Alilichukua kwenye Kisanskriti: harsha ni furaha, da ni kutoa. Vitabu vingine huziita namba za Niven, kwa sababu Ivan Niven alizitaja kwenye mkutano wa nadharia ya namba mwaka 1977. Majina ni mawili, kitu ni kimoja. Hizi hapa za kufikia 100, ziandike ubaoni kabla hamjaendelea:

1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9, 10, 12, 18, 20, 21, 24, 27, 30, 36, 40, 42, 45, 48, 50, 54, 60, 63, 70, 72, 80, 81, 84, 90, 100.

Ni 33. Angalia kwamba hakuna namba tasa hata moja iliyozidi 10. Haiwezekani iwepo: namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, na jumla ya tarakimu za namba yoyote inayozidi 9 ni ndogo kuliko namba yenyewe. Ingebidi jumla hiyo iwe 1, na zenye jumla ya 1 ni 10, 100, 1000 na kuendelea, ambazo si tasa.

Toa kwanza, gawa baadaye

Kuna hatua moja ambayo ukiwazoesha wanafunzi itafungua karibu kila kitu kitakachofuata. Chukua namba, toa jumla ya tarakimu zake, tazama kilichobaki. Nitakiita salio.

Chukua 537. Jumla ni 15, salio ni 537 − 15 = 522. Limetoka wapi? Ile 5 ya mamia ina thamani ya 500. Ukiitoa 5 inabaki 495, yaani 5 × 99. Ile 3 ya makumi ina thamani ya 30. Ukiitoa 3 inabaki 27, yaani 3 × 9. Ile 7 ya mamoja ina thamani ya 7. Ukiitoa 7 haibaki kitu. 495 + 27 = 522.

Hapo yamejitokeza mambo mawili. La kwanza, salio huwa kigawe cha 9 siku zote, kwa kuwa limejengwa na 9, 99, 999 na kuendelea. Ndiyo maana 9 inawafuata kila mnapogusa jumla ya tarakimu. La pili halisemwi sana, nalo ndilo lenye faida zaidi: tarakimu ya mamoja haiingii kwenye salio. 530, 531, 532 mpaka 539, zote salio lake ni 522.

Na kwa kuwa umetoa jumla mara moja tu, namba inagawanyika kwa jumla yake pale tu salio linapogawanyika kwa jumla hiyo. Kwa hiyo kuanzia 530 hadi 539 huna haja ya kugawa namba kumi tofauti. Una 522 moja, na jumla zinazopanda kutoka 8 hadi 17. Vigawo vya 522 vilivyomo humo ni 9 peke yake. Safu nzima imetoa namba moja: 531, na 531 ÷ 9 = 59.

Jambo la kwanza ndilo linalobeba ile njia ya zamani ya kukagua kuzidisha kwa kutupa tisa. 347 × 58 = 20126. Jumla ya 347 ni 14, ijumlishe tena, 5. Ya 58 ni 13, kisha 4. 5 × 4 = 20, ambayo ni 2. Ya 20126 ni 11, kisha 2. Zimelingana. Lakini mwanafunzi akiandika 20216 kwa kupindua tarakimu mbili, ukaguzi utampitisha vilevile, kwa sababu jumla haijali mpangilio. Utampitisha pia akiandika 0 mahali pa 9 au akisahau sifuri ya mwisho. Njia hii inakamata makosa, haithibitishi usahihi, na heri wajue hivyo mapema.

Kuchuja kwa mkono

Ukiipata jumla, usikimbilie kugawa. Tazama kwanza kama jumla ni shufwa huku namba ni witiri. Ikiwa hivyo, itupe. 35 ina jumla ya 8: nje. 11, 13, 15, 17, 19: nje zote, bila kugusa kalamu.

Baada ya hapo kila jumla ina mlango wake. Jumla ya 3 na ya 9 hupita bure, maana sharti la kugawanyika kwa 3 na kwa 9 ni jumla yenyewe. Jumla ya 6 inahitaji namba iwe shufwa tu. Ile 3 iliyomo ndani ya 6 imeshalipwa. Kwa 12 hakikisha tarakimu mbili za mwisho zinagawanyika kwa 4. Kwa 15 namba iishie 0 au 5. Kwa 18 iwe shufwa. Jumla ya 5 nayo inataka mwisho wa 0 au 5, ya 4 inataka tarakimu mbili za mwisho, ya 8 inataka tatu za mwisho. Jumla ya 10 ni kali: namba lazima iishie 0, kwa hiyo 19, 28, 37, 46, 55 zote zinaanguka ilhali 190, 280 na 370 zinapita. Zinazochosha ni 7, 11, 13, 14, 17. Hizo gawa kawaida, au gawa salio kama umeshalipata.

Msije mkadhani jumla kama 11 ni mkosi. 209 ina jumla ya 11, na 209 = 11 × 19. Kila namba unayoitaja ina namba ya Harshad yenye jumla hiyo. Kwa 11 unaweza hata kuijenga: 100 ikigawanywa kwa 11 inabaki 1, 10,000 inabaki 1, na vivyo hivyo kila unapoongeza sifuri mbili. Panga tarakimu 1 mara kumi na moja, kati ya moja na nyingine weka 0. Unapata 101010101010101010101. Jumla ni 11, na mabaki kumi na moja ya 1 yanafanya 11, kwa hiyo inagawanyika. Mtindo huohuo unafanya kazi kwa jumla yoyote isiyogawanyika kwa 2 wala 5, ila idadi ya sifuri za katikati hubadilika. Kwa 7 ni sifuri tano.

Na hazina mwisho. Ongeza 0 mwishoni mwa yoyote, jumla haibadiliki na namba imezidishwa kwa 10: 21, 210, 2100. Ila zinazidi kuwa adimu. Katika 1000 za kwanza zipo 213. Katika 10,000 zipo 1538. Katika 1,000,000 zipo 95,428. Ni karibu theluthi ukiishia 100, lakini chini ya moja kwa kumi ukiishia milioni. Mwaka 2003 De Koninck, Doyon na Kátai walithibitisha kasi ya kupungua huko: idadi hadi x hukaribia x ikigawanywa kwa logi asilia ya x, mara 1.19 hivi. Namba tasa hupungua kwa mwendo huohuo, ila mahali pa 1.19 kwao ni 1.

Zinafuatana ngapi?

Mwanzoni kuna 1 hadi 10, kumi mfululizo, lakini hizo za tarakimu moja zinajigawa zenyewe kwa hiyo tuziache. Baada yake mfuatano wa kwanza wa tatu ni 110, 111, 112. Wa kwanza wa nne ni huu:

510 ÷ 6 = 85
511 ÷ 7 = 73
512 ÷ 8 = 64
513 ÷ 9 = 57

Sasa tumia salio. 510 − 6 = 504. Na 504 ndiyo kigawe kidogo cha shirika (KDS) cha 6, 7, 8 na 9. Hakuna muujiza wowote hapo. Safu inayoanzia 510 ina jumla zinazoanzia 6, na salio lake limetokea kuwa KDS yenyewe. Mfuatano unakatikia 514 kwa sababu jumla imefika 10, na 504 haigawanyiki kwa 10.

Ukizidisha 504 kwa 2 unapata 1008, ambalo ni salio la safu ya 1010. Safu hii inaanzia jumla ya 2. Pitisha: 1010 kwa 2, ndiyo, 1011 kwa 3, ndiyo, 1012 kwa 4, ndiyo, 1013 kwa 5, hapana, kisha 1014, 1015, 1016 na 1017 kwa 6, 7, 8 na 9, ndiyo zote. Namba saba kati ya nane, na pengo ni moja tu kwa sababu 1008 haina 5 ndani yake. Ukizidisha 504 kwa 3 unapata 1512, salio la safu ya 1520. Hapa wanafunzi hukosea: wanategemea nne tena. Lakini safu ya 1520 inaanzia jumla ya 8, jumla za 6 na 7 hazipo, kwa hiyo unabaki na 1520 na 1521 kisha panakatika. Salio sahihi halitoshi; safu nayo lazima ianze kwenye jumla inayofaa.

Mfuatano wa kwanza wa tano unakuja mbali, 131052 hadi 131056, kwa jumla za 12 hadi 16. Salio ni 131040, na KDS ya 12, 13, 14, 15, 16 ni 21840. 21840 × 6 = 131040. Mwape kama zoezi la kugawa. La mwisho, 131056 ÷ 16, linatoa 8191, ambayo ni tasa.

Je, unaweza kuendelea hivi upendavyo? Hapana. Mwaka 1993 Curtis Cooper na Robert Kennedy walionyesha kwamba hakuna namba 21 zinazofuatana zote zikawa Harshad, na kwamba mifuatano ya 20 ipo, tena isiyo na idadi. Nusu ya kwanza ya matokeo yao unaweza kuithibitisha kwa shufwa na witiri tu, na inaenea kwenye ubao mmoja.

Ita safu namba kumi kutoka inayoishia 0 hadi inayoishia 9. Namba ya kwanza ya safu huishia 0, kwa hiyo ni shufwa. Tuseme jumla ya tarakimu zake ni witiri. Basi kila namba ya safu hiyo inayoishia 1, 3, 5, 7 au 9 ina jumla shufwa, na yenyewe ni witiri: zote tano zimeanguka. Jaribu safu ya 120: 121 ina 4, 123 ina 6, 125 ina 8, 127 ina 10, 129 ina 12. Hakuna hata moja. Kwa hiyo ukitaka namba yoyote witiri kutoka kwenye safu, jumla ya namba inayoifungua lazima iwe shufwa.

Ukivuka kwenda safu inayofuata, jumla ya namba inayofungua hupanda kwa 1: 510 ina 6, 520 ina 7. Shufwa imegeuka witiri. Njia pekee ya kuukwepa mgeuko huo ni pale makumi yanapokuwa 9, kama 590 kwenda 600, ambapo 14 inashuka hadi 6. Na kivuko cha namna hiyo hakiwezi kutokea mara mbili mfululizo, kwa sababu baada yake makumi ni 0.

Sasa chukua namba 21 mfululizo. Kama hazianzi na inayoishia 0, zinagusa safu tatu. Ya kwanza ina inayoishia 9, ya kati imo yote, ya tatu ina inayoishia 1. Zote tatu zinahitaji ufunguzi shufwa, kwa hiyo vivuko vyote viwili viwe vya 9. Haiwezekani.

Kama zinaanza na inayoishia 0, tuna safu mbili kamili na namba moja ya juu. Kivuko cha kwanza ni cha 9, kwa hiyo safu ya pili inafunguliwa na namba inayoishia 00. Iite n, jumla yake j, nayo ni shufwa. Tazama n + 1 na n + 10. Zote zina jumla ya j + 1. Zote zikigawanyika kwa j + 1, basi tofauti yao, yaani 9, nayo inagawanyika. Kwa kuwa j ni shufwa na si sifuri, j + 1 ni 3 au ni 9. Ikiwa 3, namba n + 2 ina jumla ya 4 na inaishia 02, haigawanyiki kwa 4. Ikiwa 9, n + 2 ina jumla ya 10 na inaishia 2, haigawanyiki kwa 10. Milango yote imefungwa.

Ukirudia hoja hiyohiyo kwa namba 20 utaona kwamba mfuatano wa 20, popote ulipo, lazima uanze na namba inayoishia 90 na umalizike na inayoishia 09. Kuupata ni habari nyingine. Masalio mawili yanapaswa kulipa jumla ishirini kwa pamoja, na mfuatano mdogo kuliko yote waliouunda Cooper na Kennedy umeanzia juu ya 10 kwa kipeo cha 44,363,342,786. Namba hiyo ina tarakimu zaidi ya bilioni 44. Kwa hiyo usiwaachie wanafunzi kompyuta iitafute.

Kikomo cha 20 kinatokana na kuhesabu kwa makumi. Mwaka 1994 H. G. Grundman aliipanua hoja: ukihesabu kwa kizio b, yaani kwa mafungu ya b badala ya makumi, kikomo ni 2b. Kubadili kizio hubadili pia nani yumo na nani hayumo. 12 ni Harshad katika kila kizio isipokuwa cha 8, ambako inaandikwa 14 na jumla yake ni 5. Zisizoyumba katika kizio chochote ni 1, 2, 4 na 6 tu.

Faktoria, na mahali zinapoanguka

Hili sikuulizwa, lakini mtu akishaonja salio atalitaka. Zidisha 1 × 2 × 3 na kuendelea mpaka n: hiyo ni faktoria ya n, nayo huandikwa n!. 5! ni 120, jumla 3, inakubali. 6! ni 720, jumla 9, inakubali. Zinakubali zote mpaka 431!. Ya kwanza kukataa ni 432!.

Sababu ni safi. Kuanzia 6!, jumla ya tarakimu ni kigawe cha 9. Iandike 9 × m. Maadamu m haijaizidi n, na n ni 9 au zaidi, m imo kati ya namba zilizozidishwa, na ukiiondoa bado zinabaki 9, au 3 na 6, za kulipa ile tisa. Inagawanyika bila ubishi. Tatizo linaweza kuzaliwa pale tu m inapoizidi n. 432! ina tarakimu 953, jumla yake ni 3897, na 3897 = 9 × 433. Hiyo 433 imeizidi 432 kwa moja, nayo ni tasa. Haimo popote ndani ya 432!.

Jirani zake

Ukiwa na muda kuna aina nyingine za kuwapa. Namba za Moran ni Harshad ambazo jibu la kugawa ni tasa: 18, 21, 27, 42, 45, 63, 84, 111. Hiyo 131056 ya juu ni mojawapo. Zipo zinazolingana na mchemraba wa jumla yake: 512 ni 8 × 8 × 8, kisha 4913 (17), 5832 (18), 17576 (26) na 19683 (27), basi, ukiacha 1. Na zipo nne tu, 1, 81, 1458 na 1729, ambazo ukichukua jumla ya tarakimu ukaizidisha kwa jumla hiyo iliyopinduliwa unapata namba yenyewe: 1729 ina jumla ya 19, na 19 × 91 = 1729.

Namba za Smith ni ukoo mwingine kidogo. Zilitangazwa na Albert Wilansky mwaka 1982. Hapa jumla ya tarakimu inalinganishwa na jumla ya tarakimu za vigawo tasa. 22 = 2 × 11, na 2 + 2 = 2 + 1 + 1. Vivyo hivyo 58, 85, 94, 121. Wanafunzi husahau kuhesabu kigawo kila mara kinapojirudia: 27 ni 3 × 3 × 3, jumla 9, si 3. Kaprekar naye aliacha namba zisizo na mzazi. Chukua namba yoyote, ijumlishe na jumla ya tarakimu zake. 15 inazaa 21. Kuna ambazo hazizaliwi na yeyote: 1, 3, 5, 7, 9, 20, 31, 42, 53. Na 101 ina wazazi wawili, 91 na 100.

Programu yako

Hukuiambatanisha, lakini dalili uliyoitaja karibu kila mara hutokana na hili:

```
n = 11
j = 0
while n > 0:
    j = j + n % 10
    n = n // 10
if n % j == 0:
    print("inafaa")
```

Kitanzi kinaikata n tarakimu moja moja mpaka inakuwa 0. Kufika mstari wa `if`, 11 haipo tena. Unauliza kama 0 inagawanyika kwa 2, na 0 hugawanyika kwa chochote. Weka nakala: andika `m = n` kabla ya kitanzi, ukate m, halafu upime n kwa j.

Kosa la pili ni kuandika `/` moja badala ya `//`. Namba inageuka desimali, 11 inakuwa 1.1, kisha 0.11, na kitanzi huzunguka zaidi ya mara 300 kabla ya kuishiwa, huku j ikijaa vipande vya desimali. La tatu linakuja ukianza na 0: jumla ni 0 na Python inakataa kugawa. Anza na 1.

Kwa namba kubwa, pima kwa `%`, usipime kwa kugawa kisha kuangalia kama jibu ni kamili. Desimali za kompyuta hushika tarakimu 15 hadi 17 tu, zaidi ya hapo utapewa majibu ya uongo. Excel hushika 15, na tarakimu ya 16 unayoandika hugeuzwa 0 kimyakimya. Python haina kikomo hicho kwa namba kamili, ila kuanzia toleo la 3.11 inakataa kugeuza namba ya zaidi ya tarakimu 4300 kuwa maandishi, kwa hiyo ukijumlisha tarakimu za 2000! kwa `str` utapata kosa, wakati kitanzi cha `% 10` kitapita taratibu.

Ukishasahihisha, hesabu zilizopo hadi 100. Jibu ni 33. Ukipata 24 umeanzia 10 badala ya 1. Ukipata 32 kitanzi chako cha nje kimeishia 99, kosa la kawaida la `range(1, 100)`. Kisha jaribu 1000, utegemee 213, na 100,000, utegemee 11,872.